Manga: ununue volyumu au usome bure mtandaoni? Tuziweke zote mezani

Hili swali naulizwa na wadogo zangu, na wenzangu wa kazini, na hata fundi simu mmoja ambaye sikujua kama ni mtu wa anime (filamu za katuni za Kijapani) mpaka siku nilipoona picha ya Luffy, shujaa wa One Piece, nyuma ya kava la simu yake: hivi manga, yaani hadithi za katuni za Kijapani za kusoma, mtu anunue vitabu au asome tu bure mtandaoni? Na mimi huwa nauliza kwanza, bure ipi? Maana watu wakisema bure wanatia kapu moja vitu viwili visivyofanana hata kidogo. Kuna bure ya wenyewe, yaani kampuni inayochapisha manga imeamua yenyewe kukupa chapta bila hela, halafu kuna bure ya kuchota, ile ya tovuti za skanlesheni ambako mashabiki (na siku hizi wafanyabiashara wa matangazo) wamepiga skani kurasa, wakatafsiri, wakapandisha bila kumwomba mtu ruhusa. Ukizichanganya hizo mbili utafanya uamuzi wa hovyo, ama utajiona mwizi wakati hujaiba, ama utadhani upo sawa wakati siku moja utaamka tovuti haipo.

Kwa hiyo mezani tuna vitu vitatu, volyumu za karatasi (kila volyumu ni kitabu kinachokusanya chapta kadhaa), bure rasmi, na bure ya skanlesheni. Volyumu za kidijitali za kununua nitazigusa njiani kidogo, maana kwetu huku watu wanaozinunua ni wachache, ila kuna jambo moja kuhusu hizo lazima mlijue.

Vipimo kwanza

Nimechukua vipimo sita na kila kimoja nitakipitisha kwa hao watatu: hela inayotoka mfukoni, urahisi wa kuipata ukiwa Dar au Mombasa au Bujumbura, raha ya kusoma kwenyewe, kama kitu kinabaki kuwa chako, mchoraji anapata nini, na mwisho zile karaha ndogondogo ambazo hakuna anayekwambia mpaka zikukute. Sijaweka kipimo cha "heshima" kwa sababu mtu aliyesoma chapta mia saba za Naruto kwenye simu iliyopasuka kioo ni shabiki kama yule mwenye rafu nzima, tusianze kubaguana.

Hela

Volyumu moja ya Kiingereza kutoka Viz, hawa ndio wachapishaji wakubwa wa Marekani wanaotoa kazi nyingi za Jump, lile jarida la manga la kila wiki la Japani, siku hizi kavani imeandikwa kama dola 12. Ukipiga dola moja kwa shilingi 2,500 za Tanzania hiyo ni elfu 30, kwa Kenya kama 1,550, na hapo bado usafiri, bado faida ya aliyekuletea. Sasa fanya hesabu ya stori nzima. Demon Slayer ina volyumu 23, hiyo ni dola 276, laki sita na tisini. Death Note ni 12 tu, inavumilika ukijipanga. One Piece ndio balaa, ilianza Julai 1997 na volyumu zimeshapita 110, yaani zaidi ya dola 1,300, milioni tatu na kitu, hiyo si hobi tena hiyo ni bodaboda ya kuanzia biashara.

Kuna njia za kupunguza makali. Matoleo ya tatu kwa moja, yaani volyumu tatu ndani ya kitabu kimoja, yapo kwa kazi nyingi kubwa, na bei kwa kila volyumu inashuka vizuri, ingawa karatasi inakuwa nyepesi na mgongo wa kitabu unapasuka ukikifungua kwa nguvu. Boksi seti nazo huwa nafuu kuliko kununua moja moja, ila uzito wake ukiingia kwenye mzigo wa ndege utalia, mimi nililia.

Bure rasmi inakula bando tu. Kwa Jump ni MANGA Plus ya Shueisha, kampuni inayochapisha jarida hilo, iliyofunguliwa Januari 2019, na kwenye tovuti yao unapata chapta tatu za mwanzo na tatu za mwisho za kazi nyingi bila kulipa chochote. Kwenye aplikesheni wameenda mbali zaidi, kazi nyingi zinazoendelea unaruhusiwa kusoma kila chapta mara moja bure, ukitaka kurudia ndio wanakuambia ulipie, na kifurushi cha chini kimekuwa kama dola 2 kwa mwezi. Hiyo "mara moja" watu wengi hawaielewi, wanafungua chapta usiku wakiwa nusu usingizi, wanalala, asubuhi wanakuta imefungwa.

Skanlesheni nayo ni bando tu, na mara nyingi bando kubwa kuliko unavyodhani kwa sababu ya matangazo yanayofunguka nyuma ya pazia. Chapta ya kawaida ya Jump ina kurasa 19 hivi, na picha zikiwa za ubora wa juu inaweza kula MB tano, kumi, na zaidi. Ukimeza chapta hamsini kwa wikendi, na sisi tunajuana tulivyo, bando la wiki limekwisha Jumamosi mchana.

Kuipata

Hapa karatasi inapoteza pointi nyingi kwetu, tusidanganyane. Nairobi unaweza kuingia duka kubwa la vitabu ukakuta rafu ya manga, fupi lakini ipo, na kuna wauzaji wa mtandaoni wanaoleta kwa oda, na kwenye matamasha ya mashabiki utakuta meza zao. Dar ni bahati, leo utakuta volyumu ya tatu na ya tisa ya kitu kimoja, za katikati hazipo na muuzaji hana hata wazo zitakuja lini. Njia ninayoitumia mimi ni ya kizamani, kumwagiza mtu. Dubai Mall kuna Kinokuniya, duka la vitabu la Wajapani, na upande wa manga pale ukuta ni mrefu mpaka unasahau ulikuja na nani, kwa hiyo mtu yeyote wa familia anayepita Dubai, awe anarudi Zanzibar au Mombasa au Muscat, anapewa orodha yangu pamoja na hela, na namwambia kabisa shangazi tafadhali angalia namba kwenye mgongo wa kitabu, usiniletee namba sita mbili. (Aliniletea namba sita mbili.)

Wenzetu wa Burundi, Rwanda na Kongo mna mlango ambao sisi hatuna, yaani Kifaransa. Ufaransa ni soko kubwa sana la manga nje ya Japani, One Piece kwa Kifaransa inatolewa na Glénat, Naruto na Kana, na kwa Kifaransa kuna kazi kibao ambazo Kiingereza hakijazigusa, tena volyumu ya Kifaransa ya kawaida huwa rahisi kuliko ya Kiingereza. Kama una ndugu Brussels au Paris na Kifaransa kinapanda, usihangaike na oda za Marekani.

Bure rasmi inapatikana kirahisi kwa MANGA Plus, kwetu inafungua bila ujanja wowote kwa sababu waliifungua kwa dunia nzima isipokuwa Japani, China na Korea Kusini. Lugha zake ni tisa, Kiingereza na Kifaransa zimo, Kiswahili bado hakimo. Na uzuri wake mkubwa ni muda, chapta mpya za Jump zinatoka saa sita usiku wa kuamkia Jumatatu kule Japani, ambayo kwetu ni Jumapili saa kumi na mbili jioni, unamaliza kufua nguo unakaa na chai unasoma dakika ileile na mtu wa Tokyo. Ila usidhani kila aplikesheni rasmi iko hivyo. Ile ya Shonen Jump ya Viz, ambayo kwa dola chache kwa mwezi inakufungulia ghala zima la zamani, ina orodha ya nchi na kwa Afrika nimeona Afrika Kusini tu, sisi tunaambiwa huduma haipo eneo lako. Na kumbuka MANGA Plus ni ya Shueisha, kazi za wachapishaji wengine wa Japani kama Kodansha au Shogakukan hutazikuta humo hata ukeshe, kwa hiyo kama unayemtafuta ni Vinland Saga unagonga mlango wa nyumba siyo.

Skanlesheni kwenye kipimo hiki inaongoza na ni unafiki kukataa. Kazi ambazo hakuna mchapishaji wa Kiingereza aliyezinunua haki, kazi za miaka ya 1980 zilizosahaulika, zote zipo huko, na kuna kazi maarufu leo ambazo wasomaji wa nje walizijulia huko kabla mchapishaji yeyote hajazitazama. Shida ni kwamba zipo leo. Mei 2025 MangaDex, iliyokuwa maktaba kubwa ya mashabiki, iliondoa kazi zaidi ya 700 kwa mpigo baada ya wachapishaji kuleta madai ya hakimiliki. Januari 2024 Tachiyomi, aplikesheni ya Android ambayo nusu ya watu ninaowajua walikuwa nayo, ilisimamishwa na wenyewe baada ya shinikizo la kisheria kutoka kampuni ya Kakao ya Korea. Ukimtegemea jirani kwa maji jua siku akihama.

Kusoma kwenyewe

Hiki ndicho kipimo ambacho watu hukiruka na mimi nakiona kikubwa kuliko hela. Manga inachorwa kwa kurasa mbili zinazotazamana. Mchoraji anajua jicho lako litaingia juu kulia na kutoka chini kushoto, anajua ukifunua karatasi kuna kitu kinakusubiri nyuma yake, na pale anapotaka upigwe na butwaa anaunganisha kurasa mbili kuwa picha moja. Kwenye simu ile picha inakatwa nusu, au inakuwa ndogo kama stempu, unageuza simu kulala, skrini inazunguka, unairudisha, mtu ameshakufa kwenye stori na wewe hata hukuhisi. Nilisoma Vagabond mara ya kwanza kwenye simu nikasema mbona watu wanaisifia hivi, nikaja kushika volyumu ya rafiki, nikafungua ukurasa wa miti na mvua, nikanyamaza. Inoue, mchoraji wake, anachora kwa brashi na zile nyuzi nyembamba za wino kwenye simu zinageuka ukungu. Tena huyu mzee kwa miaka mingi hakuruhusu kazi zake ziuzwe kidijitali, sasa unaweza kuelewa kwa nini.

Berserk ni hivyohivyo. Matoleo makubwa ya mchapishaji Dark Horse yenye jalada gumu, volyumu tatu ndani ya moja, ni kama dola 50 kwa kitabu na mtu akiniuliza kama ni ghali namwambia ndiyo ni ghali, halafu namfungulia ukurasa. Mchoraji wake marehemu Kentaro Miura, aliyefariki 2021, alikuwa anajaza mistari kwenye kona ambayo hata hutaitazama.

Ila si kila manga ni Vagabond. Vichekesho, stori za shule, mapenzi ya darasani, sehemu kubwa ya hizi zinasomeka safi kabisa kwenye simu, maneno mengi sura nyingi mandhari kidogo, na ukiwa kwenye mwendokasi umesimama umeshika bomba kwa mkono mmoja hakuna kitabu kitakachokufaa. Bure rasmi picha zake ni safi kwa sababu zinatoka kwenye faili la mwenyewe. Skanlesheni inategemea kundi, kuna makundi yaliyosafisha kurasa kwa mapenzi mpaka unawavulia kofia, na kuna kazi zilizotafsiriwa haraka haraka kwa mashine, mhusika ni mwanamume ukurasa huu na mwanamke ukurasa unaofuata, jina la shambulio linabadilika kila wiki. Kwa kazi zinazopendwa sana ndio mbaya zaidi maana kila mtu anakimbizana kuwa wa kwanza.

Na kuna vitu vya volyumu ambavyo chapta za wiki hazina. Oda, mchoraji wa One Piece, anajibu barua za wasomaji kwenye safu yake ya SBS ndani ya volyumu zake, nusu ya mambo ambayo mashabiki wanabishania yameshajibiwa humo kwa utani. Wachoraji pia hurekebisha makosa, chapta ya wiki imechorwa kwa kukimbizwa na saa, kwenye volyumu mkono uliosahaulika unarudi na kivuli kinapata mahali pake.

Kubaki nacho

Kitabu nikinunua ni changu, naweza kukuuzia, kukuazima, kumwachia mtoto. Hilo halina ubishi. Ubishi ni kama kitadumu, maana pwani hewa ina chumvi na unyevu, na manga inachapwa kwenye karatasi ya bei rahisi, baada ya miaka michache kurasa zinakuwa njano na zinanuka kabatini, na mchwa hawaulizi bei. Mimi naweka vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya, nimevikusanya kama mwehu, na rafu haigusi ukuta. Adui mkubwa zaidi ya mchwa ni kuazimisha. Volyumu yangu ya kwanza ya Fullmetal Alchemist ilirudi na duara la chai, ya pili haikurudi, na niliyemwazima sasa ana mke na watoto wawili na tukikutana msikitini tunasalimiana vizuri tu.

Kuna kitu cha kuangalia pia kwa seti zisizoisha. Mchapishaji anaweza kuacha njiani, Tokyopop walipofunga uchapishaji wao Marekani mwaka 2011 watu wengi walibaki na stori zilizokatika katikati, huna la kufanya. Na 2021 manga ziliadimika madukani Marekani kwa sababu kila mtu aligundua anime kwa wakati mmoja, ukikosa volyumu ya nne unasubiri wachape tena.

Bure rasmi sio yako na hawajakudanganya kwamba ni yako, dirisha linafunguka na kufungwa, kazi inaweza kuondolewa. Skanlesheni unaweza kuishusha ukaihifadhi kwenye memori kadi, kwa hiyo wapo wanaosema hiyo ndio inayobaki kweli, sawa, mpaka kadi ife. Mimi nilikuwa na orodha ya kazi kama mia mbili kwenye tovuti moja, nimeweka alama nilipofikia kila moja, siku moja nafungua ukurasa haupo na orodha imekwenda nayo. Kilichoniuma ni ile orodha.

Na lile jambo la kidijitali nililosema. Mwaka 2011 wachapishaji wa Kijapani walifungua duka la mtandaoni linaitwa JManga, watu wakanunua volyumu kwa hela halali, Mei 2013 likafungwa, na vitabu vya kwenye akaunti zao havikufunguka tena. Kwa hiyo ukinunua kidijitali jua unanunua ruhusa ya kusoma duka likiwa hai.

Mchoraji anapata nini

Kwa volyumu, mchoraji wa Japani kwa kawaida hupata kama asilimia 10 ya bei ya kitabu kinachouzwa kule, na toleo la nje analipwa kupitia mikataba ya haki ambayo sehemu yake inamfikia. Sio hela ya kumnunulia gari kwa volyumu yako moja, lakini ndio njia inayomfikia. Hata hivyo tusitiane chumvi, ukinunua volyumu ya Kiingereza Dar hauokoi kazi inayotaka kufutwa wiki ijayo kwenye jarida la Jump, kule wanaangalia kura za wasomaji wao na mauzo ya Japani. Unachookoa ni tafsiri, mchapishaji wa Kiingereza akiona inauzika anaendelea mpaka volyumu ya mwisho, asipoona anapunguza kasi au anaacha.

Bure rasmi inaleta hela ya matangazo na inawaonyesha wahariri kuna watu wangapi nje wanaifuata kazi gani. Kidogo, ila si sifuri.

Skanlesheni hapa ni sifuri kwa mchoraji, na kwa zile tovuti kubwa za kukusanya sio sifuri kwa mwenye tovuti. Kesi inayojulikana zaidi ni Mangamura ya Japani, ilifungwa 2018, mwendeshaji wake alikamatwa Manila 2019, akahukumiwa kifungo cha miaka mitatu mwaka 2021, na mwaka 2024 mahakama ya Tokyo ikamwamuru kulipa zaidi ya yen bilioni 1.7 kwa wachapishaji watatu. Kundi dogo la mashabiki wanaotafsiri kazi ambayo haijanunuliwa haki na wanaiondoa mtandaoni siku ikinunuliwa, naona ni jambo jingine moyoni ingawa kisheria linabaki lilelile.

Karaha ndogondogo

Karatasi: kopi feki. Zipo, zinauzwa mtandaoni kwa bei ya kutamanisha, kurasa zimepauka, nyeusi imekuwa kijivu, vile vidoti vya kivuli vimekuwa mawimbi, maandishi ya mgongoni hayajakaa katikati. Ukiona seti nzima ya volyumu 20 na zaidi inauzwa kwa robo ya bei, muulize muuzaji picha ya ndani kabla hujatuma hela. Nafasi nayo ni karaha, volyumu 40 zinajaza rafu moja ya chumba cha kupanga na ukihama ndio utajua vitabu vina uzito gani. Na malipo ya oda za nje, siku hizi si tabu kama zamani, Kenya kuna M-Pesa GlobalPay tangu 2022 na mitandao ya simu sehemu nyingine nayo inatoa kadi pepe, ila uliza ushuru na gharama za wakala kwanza kwa maandishi. Niliwahi kuagiza kupitia wakala mmoja, mzigo ukafika na bili ambayo haikutajwa kabisa mwanzoni.

Bure rasmi: ile ya mara moja tu, chapta za katikati kufungwa ukiwa kwenye tovuti, na kusubiri wiki kwa wiki.

Skanlesheni: matangazo. Si tangazo la sabuni, ni kamari na picha za utupu, na yanafunguka yenyewe. Kama simu inashikwa na mdogo wako wa miaka kumi hiyo peke yake ingenitosha kuamua. Mimi lilinifungukia moja kwenye daladala na sauti juu, bibi aliyekaa pembeni akanitazama akasogea dirishani. Baadhi pia zitakuambia shusha faili fulani ndio usome, usishushe.

Kila kimoja kinamfaa nani

Karatasi inamfaa mtu anayerudia stori, anayependa michoro kuliko kujua nini kilitokea, anayetaka kupumzisha macho na skrini, na mzazi anayetaka kujua mtoto anasoma nini, maana kitabu kinafungukia mezani kila mtu anakiona na nyuma pameandikwa rika. Bure rasmi inamfaa anayekimbia spoila, yaani kusimuliwa kilichotokea kabla hajasoma, anayefuata kazi mbili tatu za Jump kila Jumapili, na mgeni kabisa anayetaka kuonja kabla ya kujua kama manga ni kitu chake. Skanlesheni ndiyo imebaki kuwa njia ya mtu anayetafuta kazi ambayo haijawahi kutolewa kwa lugha anayoisoma, na anayeingia huko ajue anaingia kwenye nyumba isiyo na hati.

Ukiwa katika hali hii

Wewe ni mwanafunzi, hela ni ya nauli na chipsi, na unataka kufuata zinazotoka sasa: aplikesheni rasmi, soma ukiwa na waifai ya chuo, na soma ukiwa macho kwa sababu ya ile mara moja. Ukimaliza mwaka na kuna kazi moja bado unaiwaza, hiyo ndiyo ya kuweka akiba.

Umemaliza anime na unataka kuendelea pale ilipoishia: usinunue tangu namba moja kwa papara. Tafuta anime imeishia chapta ya ngapi, nunua kuanzia volyumu hiyo, za nyuma utazijaza taratibu ukiona bado unaipenda. Kama ni kazi iliyokwisha na fupi kama Death Note, hapo nunua yote, tena kuna toleo la kitabu kimoja chenye kurasa zaidi ya 2,000, zito kama tofali lakini halichukui nafasi.

Unataka kuanza One Piece leo: sikushauri ununue, na sikushauri uahirishe. Onja kwenye aplikesheni kwanza, ukifika ile sehemu ya stori inayoitwa Arlong Park utajua mwenyewe. Ukiamua kukusanya, chukua ya tatu kwa moja, moja kila mwisho wa mwezi, itakuchukua miaka na hiyo ni sawa maana Oda naye hajamaliza.

Unapenda michoro, unachora mwenyewe, unataka kujifunza wino na fremu: karatasi, hata volyumu mbili tu za mchoraji mmoja, kuliko GB kumi za kila kitu. Vagabond, Berserk, kitu cha namna hiyo, unakiweka kando ya daftari lako unakopi mkono mmoja baada ya mwingine.

Kazi unayoitaka haipo rasmi popote: kabla hujaingia kwingine angalia kama ipo kwa Kifaransa, mara nyingi ipo, na angalia tena baada ya miezi sita maana haki zinanunuliwa kila mwaka. Ukiisoma kwa mashabiki na siku moja ukaiona dukani, unajua cha kufanya.

Una mtoto au mdogo wako aliyeshikwa na homa ya manga: mnunulie volyumu moja halali yenye rika lake, mwache aisome mara tano, na kwenye simu mwekee aplikesheni rasmi tu. Na kama una rafu tayari na watu wanakuja kuazima, chukua daftari, andika jina, tarehe na namba ya volyumu, hata kama ni rafiki yako wa tangu darasa la pili.